Vietnam: Mpunga Haukutii Amri

Tarehe 30 Aprili 1975 vifaru vya Vietnam ya Kaskazini viliingia Saigon, na vita vya miaka thelathini vikakoma. Haikupita miaka minne, jeshi hilo hilo likawa limeuteka Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, na mwezi uliofuata likakabiliana na majeshi ya China kwenye mpaka wa kaskazini. Yalikuwa machache majeshi ya ulimwengu yaliyotajwa kwa heshima kama hilo. Hata hivyo, nyuma ya mstari wa mapambano, raia wa nchi hiyo yenye mabonde mawili mapana ya mpunga walipanga foleni wakiwa na kadi za mgao mikononi, na serikali iliagiza nafaka kutoka nje. Askari anayejua maana ya kukosa posho atauliza sababu.

Sababu haikuwa ukame peke yake, wala uvivu. Kaskazini mwa nchi mashamba yalikuwa ya ushirika. Mkulima aliitwa kwa kengele, akalima chini ya msimamizi, na jioni akaandikiwa alama za kazi. Aliyejituma na aliyejikongoja walipata karibu sawa. Kila kaya iliachiwa kipande cha kulima yenyewe, kwa jumla yapata asilimia 5 tu ya ardhi ya ushirika, na humo ndimo mlimotoka mboga, nguruwe na sehemu kubwa ya pato la familia. Mkulima yule yule, jembe lile lile, mvua ile ile. Kila mwanakijiji aliliona jambo hilo. Aliyekuwa haoni ni mpangaji wa mipango mjini Hanoi.

Aliyethubutu kulitia katika maandishi ni Kim Ngoc, katibu wa chama wa mkoa wa Vinh Phuc. Mwaka 1966, mabomu ya Marekani yakiwa yanaanguka, mkoa wake uliidhinisha mashamba yakabidhiwe kaya kwa mkataba: kaya itoe kiasi kilichokubaliwa, na kitakachozidi kiwe mali yake. Mwaka 1968 Truong Chinh, mmoja wa wakuu wa chama, alimkemea waziwazi, na Kim Ngoc akalazimika kujikosoa kwa maandishi. Hakufungwa, na hilo halikuwa jambo dogo kwa nyakati zile. Alifariki mwaka 1979.

Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo watu walianza kufanya kile ambacho Wavietnam wenyewe walikiita kuvunja uzio. Maofisa wa mji wa Ho Chi Minh, yaani Saigon ya zamani, walinunua mpunga wa bonde la Mekong kwa bei ya soko, kinyume cha bei ya serikali, kwa kuwa mji ulikuwa ukikaribia kukosa chakula. Kwa mujibu wa taratibu, huo ulikuwa ulanguzi, na vizuizi vya barabarani viliwekwa kuukamata mchele usio na kibali. Januari 1981 chama kikakubali mikataba ya mazao, ingawa kwa nusu nusu. Kisha mwezi Septemba 1985 fedha zikabadilishwa, dong 10 za zamani kwa dong 1 mpya. Mwaka 1986 mfumuko wa bei ukapita asilimia 700, na mshahara wa mtumishi wa serikali ukawa karatasi tu.

Mwezi Julai mwaka huo Le Duan, kiongozi wa chama, alifariki. Aliyekalia kiti chake kwa miezi mitano alikuwa Truong Chinh, yule yule aliyemkemea Kim Ngoc. Naye ndiye aliyeagiza taarifa ya mkutano mkuu wa chama iandikwe upya, ikiri makosa. Desemba 1986 mkutano huo ukapitisha siasa ya Doi Moi, maana yake kufanya upya, na kumchagua Nguyen Van Linh kuwa kiongozi. Njaa haikungoja maazimio: mwanzoni mwa 1988 mikoa ya kaskazini ilikuwa bado ikikosa chakula. Ndipo Aprili 1988 likatoka Azimio Namba 10, lililowapa wakulima mashamba kwa miaka 15 hivi na kuwahakikishia karibu asilimia 40 ya mazao ya mkataba. Mwaka 1989 Vietnam iliuza nje tani zipatazo milioni 1.4 za mchele.

Mwezi Septemba mwaka huo huo ilitangaza kuondoa majeshi yake Kambodia, na jeshi lenye watu zaidi ya milioni moja likapunguzwa karibu nusu. Waliorudi vijijini walikuta shamba la kurudia. Jeshi lenyewe likaingia katika biashara: kampuni ya simu ya Viettel, iliyoanzishwa mwaka 1989, ni mali ya wizara ya ulinzi, na ndiyo iliyofungua Lumitel nchini Burundi na Halotel nchini Tanzania mwaka 2015.

Lakini fundo moja halikufunguliwa. Sheria ya mwaka 1993 ilimpa mkulima haki ya kutumia ardhi, kuirithisha na kuihamisha haki hiyo, si kuimiliki. Mwenye ardhi ni umma, na msimamizi ni serikali. Katika kijiji cha Dong Tam, kando ya Hanoi, wakulima waligombania ardhi iliyotengwa kwa ajili ya jeshi, ambayo sehemu yake ilikabidhiwa Viettel. Aprili 2017 waliwazuia maofisa na polisi 38 kwa muda wa wiki moja. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Januari 2020 polisi walikivamia kijiji. Walikufa askari polisi watatu na mzee wa kijiji mwenye umri wa miaka 84, aliyekuwa mwanachama wa chama tawala kwa zaidi ya miaka 50. Mwezi Septemba mahakama ya Hanoi iliwahukumu wanakijiji wawili kifo. Sheria mpya ya ardhi, iliyoanza kutumika Agosti 2024, imeorodhesha kwa kirefu sababu zinazoweza kuiruhusu serikali kutwaa ardhi, na inataka fidia ikaribie bei ya soko. Mwenye ardhi hakubadilika.