Kabla ya kusema 'liwalo na liwe' mpakani

Namanga, Busia, Sirari au Mutukula, mfanyabiashara aliyekwama hujulikana kwa maneno yake. Mmoja anasema amejifunga kibwebwe. Mwingine anasema liwalo na liwe. Wa tatu anakiri kuwa maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga.

Maneno haya husikika pamoja, lakini hayana uzito mmoja.

Kibwebwe ni kitambaa ambacho mwanamke hujifunga kiunoni anapoingia kwenye kazi nzito au ngoma. Anayejifunga kibwebwe anaijua kazi iliyo mbele yake: foleni, karatasi, pengine siku mbili bila mauzo. Ni neno la mtu aliyejiandaa.

'Liwalo na liwe' hutamkwa na mtu aliyechoka kuhesabu. Mpakani ndilo neno la usiku, mahindi yakiwa yameshafungwa kwenye pikipiki na njia ya panya ikiwa kimya. Mambo yakiharibika, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mzigo wa magendo kutaifishwa, pamoja na chombo kilichoubeba. Pikipiki huenda ni ya jirani. Mtaji huenda ni wa kikoba au chama. Aliyesema liwalo na liwe amewasemea na wengine ambao hakuwauliza.

Akirudi mikono mitupu, huambiwa: 'Umelikoroga, ulinywe.' Kauli hiyo haina pole ndani yake. Methali ya maji ina utu zaidi. Inamtaka asikimbie alichokianza: akae na wenzake, ataje hasara yote, wapange namna ya kulipa.

Lakini si lazima kufika huko. Bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha ya pamoja na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zina utaratibu wake. Cheti rahisi cha uasili hutolewa palepale mpakani, na bidhaa hizo hazitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine au cheti cha afya ya mimea vinaweza kuhitajika, hivyo ni vyema kuuliza dirishani kabla ya kununua mzigo.

Kuvua nguo si kosa. Kosa ni kuzivua bila kuuliza kina cha maji, hasa nguo zikiwa za kuazima.