Kompyuta ya Nyumbani, Gemu la Kijana na Fedha za Mbolea

Tulipofika Mawengi, wilayani Ludewa, tuliikuta nyumba iliyotukaribisha imegawanyika kwa jambo ambalo wazee wetu hawakuwahi kulitarajia. Kijana wa nyumba hiyo, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amemwomba baba yake shilingi laki sita anunue kompyuta nyingine, kwa kuwa iliyopo ilikuwa ikikwama kila mshambuliaji alipoingia kwenye eneo la hatari. Baba alikuwa nazo laki sita. Lakini zilikuwa za mbolea, na mvua za kwanza zilikuwa zimebakiza wiki chache tu. Fundi mmoja wa mjini alikwisha kuwaambia kuwa mashine yao imefikia mwisho wake.

“Mwanangu, gemu halijazi ghala,” alisema baba. Kijana alinyamaza kwa adabu, ila uso wake haukunyamaza.

Tuliomba ruhusa ya kuifungua mashine hiyo baada ya Isha. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba, ya zile zilizotumika maofisini Ulaya, yenye kichakataji cha Intel Core i5 cha mwaka 2012. Tulipoondoa kifuniko, sababu ya kwanza ilionekana bila kipimo chochote. Wenyeji wa nyanda hizi wanajua baridi ya Juni na Julai: jiko la mkaa huingizwa sebuleni, na kompyuta nayo huwa sebuleni. Masizi ya miezi mingi yalikuwa yamechanganyika na vumbi jekundu la kiangazi na kuziba mapezi ya chuma yaliyo juu ya kichakataji, hata yakafanana na blanketi. Kichakataji kikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza mwendo chenyewe ili kisiungue, na hapo ndipo picha hukwama. Ni ajabu kwamba mashine inaweza kuungua kwa joto mahali ambapo watu wanavaa makoti mawili.

Tulichomoa waya wa umeme, tukasafisha kwa brashi laini ya rangi, huku tukiizuia feni kwa kidole isizunguke, maana feni ikizungushwa kwa nguvu huweza kuharibika. Kisha tuliifuta grisi ya joto iliyokauka baina ya kichakataji na chuma chake, tukapaka mpya, kiasi cha punje ya dengu. Kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja, na kelele ya feni, ambayo mama wa nyumba alidhani ndiyo sauti ya kawaida ya kompyuta, ilitoweka.

Jambo la pili lilihusu mwenendo kuliko ufundi. Tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kuona ni programu zipi zinazokula nguvu, tukakuta moja isiyojulikana ikitumia karibu nusu ya uwezo wa kichakataji hata pale gemu lilipokuwa limefungwa. Kijana alikiri kuwa gemu lake alilipata bure katika flashi ya rafiki. Gemu la kunakiliwa huja mara nyingi na mgeni asiyealikwa, anayeitumia mashine yako kwa faida ya mtu mwingine. Na hata lisipokuja naye, ni kazi ya watu iliyochukuliwa bila idhini yao, jambo ambalo baba wa nyumba hakulikalia kimya. Liliondolewa usiku uleule. Yapo magemu ya mpira yanayotolewa bure na wenyewe, na katoleo ka zamani kaliko halali hununuliwa kwa bei nafuu.

Baada ya hapo ndipo tulipozungumzia fedha. Kompyuta hii haikuwa na kadi ya picha ya peke yake. Picha zake hutengenezwa ndani ya kichakataji na kuazima kumbukumbu ya mashine nzima. Kumbukumbu hiyo ilikuwa kipande kimoja cha gigabaiti 4. Kwa mashine ya namna hii, vipande viwili vilivyo sawa vina faida kubwa kuliko kimoja, kwa sababu data hupita njia mbili kwa wakati mmoja. Tahadhari ni kununua aina inayolingana: kipande cha DDR4 hakiingii katika nafasi ya DDR3, na cha kompyuta ya mapajani hakiingii katika ya mezani. Pia tulishauri diski kuu ya kuzunguka ibadilishwe kwa ile isiyozunguka, ambayo mafundi huiita esesidi. Haiongezi idadi ya picha kwa sekunde, na anayewaambia hivyo anataka kuuza. Bali hufupisha kusubiri na kupunguza mikwamo. Vitu hivyo viwili, vya mtumba, viliagizwa Makambako na havikufika laki moja.

Kadi ya picha tuliiacha. Kompyuta nyingi za ofisini zina kisambaza umeme kidogo, na kadi zinazozifaa ni zile zisizozidi wati 75, zinazopata umeme wote kupitia ubao mama. Anayenunua kadi kubwa bila kuangalia hilo hununua pambo.

Badala yake tulipunguza ukubwa wa picha katika gemu, kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta za kuchorwa hushuka kutoka zaidi ya milioni mbili hadi chini ya milioni moja, bila kutumia hata senti. Vivuli na majani ya uwanja yakafuata.

Umeme nao una neno lake. Mawengi hupata umeme wa maji kutoka mtambo wa kilowati 300, uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia na kuendeshwa na chama cha watumiaji, LUMAMA. Kompyuta kama hii hula wati zisizofika 100, ilhali pasi hula 1,000 au zaidi. Kwa hiyo si gemu linaloitia nyumba hasara ya umeme. Kinachoiumiza mashine ni kuzimika ghafla, na UPS ndogo, hata kuukuu yenye betri mpya, huipa dakika za kufunga kazi kwa utulivu.

Mwezi uliofuata tulipiga simu kuulizia hali. Mbolea ilikwisha kununuliwa. Dada wa kijana, aliyeko kidato cha pili, ndiye anayeishika kompyuta hadi Isha, na kijana hucheza saa moja baada yake. Baba alituomba jambo moja tu, kwa sauti ya chini: tumweleze ni kibonye kipi hupiga penalti.