KUSTAREHE SI KUFURAHIA

Neno moja la Kiingereza liliwahi kunigombanisha na baba yangu. Neno hilo ni "enjoy".

Nilipokuwa kidato cha kwanza niliandika barua nyumbani Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Neno hilo tulikuwa tumejifunza juma lile lile. Kichwani nikawaza kwa Kiingereza, mkono ukaandika: "Shikamoo Baba. Ninastarehe sana shuleni." Jibu lilikuja fupi: "Sikuuza ndama upate kustarehe." Ndama huyo ndiye aliyenipatia godoro, tranka na viatu. Nililia bwenini.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alinieleza kosa langu. "Enjoy" lilitoka katika Kifaransa cha kale, likaingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14. Asili yake ni neno la Kilatini "gaudere", yaani kufurahi. Baadaye likapata na maana ya kufaidi kitu, kama vile haki au afya njema. Nalo hudai kitajwe kile kinachofurahiwa: "I enjoyed very much" ni kosa, yafaa kusema "I enjoyed the game".

Sisi tunayo maneno kadhaa kwa kazi hiyo moja, nayo asili yake ni Kiarabu. Kufurahi ni kuwa na furaha moyoni. Tukiongeza "a" mwishoni twapata kufurahia, na hapo hapana budi kitu kitajwe. Kufaidi ni kupata manufaa au utamu wa kitu: twafaidi loshoro tukiwa likizoni. Lakini kustarehe ni kupumzika, kukaa raha mustarehe bila kazi. Tena watu wengi wasikiapo "starehe" hufikiri anasa. Ndiyo maana Baba aliudhika.

Niliandika tena: "Baba, ninayafurahia masomo, hasa hesabu." Hakujibu. Likizo ilipofika, jioni moja aliingia ndani, nami nikainuka upesi nimpishe kiti. Akaniwekea mkono begani akasema, "Starehe, mwanangu." Maana yake, kaa, usijisumbue. Nikajua kwamba nimesamehewa, tena kwa neno lile lile.

Basi, wenzangu, tusitafsiri neno kabla ya kumfikiri yule atakayelisoma.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne