Maji Yakizidi, Flamingo Hukosa Chakula

Flamingo mdogo, ambaye pia huitwa heroe mdogo, hutegemea karibu chakula cha aina moja tu: spirulina, kiumbe kisichoonekana bila hadubini. Watu wengi hukiita mwani, ingawa wanabiolojia hukiweka katika kundi la bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Spirulina hustawi katika maji ya magadi makali ambayo samaki wengi hawayawezi. Ndege huyu huinamisha kichwa hadi mdomo wake ukapinduka juu chini, ulimi ukavuta na kusukuma maji, na vinyweleo vya ndani ya mdomo vikachuja kilichomo. Kwa siku moja ndege mzima huhitaji takriban gramu 70 za chakula hicho kikiwa kikavu. Rangi yake ya waridi hutoka humo humo.

Kwa sababu hiyo, uhai wa flamingo mdogo hupimwa kwa ukali wa maji. Maziwa mengi ya magadi ya Bonde la Ufa hayana mto unaotoka. Maji huingia kwa mvua na mito, hutoka kwa kugeuka mvuke, na chumvi hubaki. Ziwa likikauka, chakula hutoweka. Likijaa kupita kiasi, magadi huzimuliwa, spirulina hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na viumbe vingine vya majini ambavyo mdomo wa flamingo hauwezi kuvichuja, au visivyomshibisha.

Zamani hofu kubwa ilikuwa ukame. Katika miaka ya 1990 Ziwa Nakuru, nchini Kenya, liliwahi kupungua hadi kukaribia kukauka. Tangu mwaka 2010 hivi mambo yamegeuka: maziwa ya Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita na Naivasha yote yamepanda. Huko Nakuru maji yalifunika barabara na lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, na misitu ya migunga kando ya ziwa ikafa ikiwa imesimama majini. Utafiti uliotumia picha za setilaiti, uliochapishwa mwaka 2024 na kuongozwa na wanasayansi wa King's College London, ulionyesha kwamba kati ya 2009 na 2022 eneo la Ziwa Nakuru lilikaribia kuongezeka maradufu, na kiwango cha klorofili, kipimo cha wingi wa chakula cha flamingo, kilishuka kwa takriban nusu. Anayedhani mabadiliko ya tabianchi Afrika Mashariki maana yake ni ukame peke yake hana budi kuutazama mfano huu.

Chanzo kikuu cha kujaa huku ni mvua. Sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi inapopata joto kuliko kawaida, mvua za vuli huja kwa kishindo, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2019. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo mvua kubwa huzidi kuwa kubwa.

Lakini mvua huanguka juu ya ardhi, na ardhi hiyo imebadilika. Mito Njoro, Makalia na Enderit, inayoingia Nakuru, hutoka kwenye miinuko ya Mau. Kikosi kazi cha serikali ya Kenya kilikadiria mwaka 2009 kwamba msitu wa Mau ulikuwa umepoteza karibu robo ya eneo lake katika muda wa takriban miaka 15, kwa ugawaji wa ardhi, uvamizi na ukataji miti. Penye msitu, maji hunywea taratibu na kutoka baadaye kama chemchemi. Penye shamba tupu na paa za mabati, hutiririka siku ile ile yakiwa yamebeba udongo na mbolea. Mji wa Nakuru nao umekua hadi kwenye uzio wa hifadhi, na maji yake machafu huishia ziwani. Kutenganisha sehemu ya tabianchi na sehemu ya jembe katika kila mita ya maji iliyoongezeka ni kazi ngumu. Kwa ndege, vyote viwili hufika kwa mlango mmoja.

Flamingo hujibu kwa kuhama. Husafiri usiku, leo Nakuru, wiki ijayo Bogoria, kisha Manyara au Natron nchini Tanzania, wakifuata ziwa lenye chakula. Mfumo huu uliwafaa kwa sababu maziwa hayakuharibika yote kwa pamoja. Yanapojaa mengi kwa wakati mmoja, maziwa ya akiba hupungua. Njaa nayo huleta maradhi: katika vifo vya maelfu ya flamingo vilivyotokea Nakuru na Bogoria miaka ya 1990, watafiti walikuta bakteria wa kifua kikuu cha ndege pamoja na sumu zinazotolewa na baadhi ya jamaa za spirulina. Ndege aliyedhoofika huangushwa na kile ambacho ndege mwenye nguvu angekivumilia.

Shida kubwa zaidi iko kwenye kuzaliana. Afrika Mashariki ina kati ya flamingo wadogo milioni 1.5 na 2.5, sehemu kubwa ya wote duniani, na karibu wote huzaliwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kila jozi hutaga yai moja juu ya kichuguu cha matope katikati ya ziwa, mahali ambapo fisi na bweha hawafiki. Kina cha maji lazima kiwe cha kadiri. Kikizidi, matope hayachomozi au viota huzama. Kikipungua mno, wanyama wala nyama huvuka kwa miguu. Mwaka 1962 mafuriko ya Natron yaliwalazimu ndege kuzaliana Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Chumvi iliganda miguuni mwa vifaranga kama pingu, na watu wakaingia ziwani kuzivunja kwa mikono.

Natron ilitambuliwa mwaka 2001 chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, lakini hadhi hiyo haikuzuia mpango wa kiwanda kikubwa cha magadi kando yake. Mpango ulipingwa vikali, na kampuni ya Tata Chemicals ikajiondoa mwaka 2008. Chanzo muhimu cha maji ya Natron, mto Ewaso Ng'iro Kusini, huanzia Mau nchini Kenya, ambako mabwawa ya umeme yamependekezwa zaidi ya mara moja. Bwawa hubadili si kiasi cha maji tu bali pia majira ya kufika kwake, na flamingo hutaga kwa kufuata majira hayo.

Uzio wa umeme wa hifadhi ya Nakuru hauzuii mto Njoro kuingia na udongo wa mashamba. Ulinzi wa flamingo unapaswa kuanzia juu: kurudisha miti kwenye vyanzo vya Mau, kusafisha maji machafu ya mji kabla hayajafika ziwani, na Kenya na Tanzania kukubaliana kwamba hakuna mradi utakaojengwa juu ya Ewaso Ng'iro kabla athari zake kwa Natron hazijapimwa na nchi zote mbili.