Teke Linaanzia Mguu Uliosimama

Mwezi huu tuzungumze juu ya mateke. Ndiyo, mateke! Jioni ukipita Katwe, Nsambya au Makindye, penye uwazi kidogo tu utakuta vijana wanarusha miguu juu kama kwenye filamu. Na Kampala filamu hizo haziko mbali. Kule Wakaliga, Nabwana I.G.G. na wenzake walitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka 2010 na kutazamwa nchi nyingi. Bruce U, anayepiga kung fu humo, amewafundisha pia watoto wa mtaa ule.

Shida ni kwamba anayeanza anataka teke la kichwani leo leo. Goti likiteguka, nyumba nzima inaumia: nani atabeba maji, nani atatoa nauli ya boda boda kwenda kliniki? Kwa hiyo tuanze chini.

Kwanza pasha mwili moto. Dakika 10 zinatosha: kimbia papo hapo, inua magoti, zungusha nyonga, bembeza mguu mbele na nyuma taratibu. Kujinyoosha kwa kutulia muda mrefu mahali pamoja weka mwisho, baada ya mazoezi. Chagua mahali pakavu na tambarare. Mvua ikinyesha udongo unateleza, na ukiwa pekupeku, okota kwanza vioo na misumari.

Sasa teke la mbele. Lina hatua nne, usiruke hata moja:
1. Inua goti hadi usawa wa kiuno.
2. Nyoosha mguu mbele, vidole vimekunjwa kuelekea juu. Kinachogusa ni ile sehemu nene ya wayo iliyo nyuma ya vidole. Ukipiga na vidole, utavunja vidole.
3. Rudisha mguu, goti likiwa bado juu.
4. Teremsha mguu polepole.

Wengi wanasahau hatua ya tatu. Mguu usiporudi, unaanguka mbele na mwenzako anaushika. Tena usikaze goti mpaka mwisho ukipiga hewa, maana hakuna kitu cha kupokea nguvu ile na kiungo ndicho kinachoipokea.

Na mguu wa kusimamia je? Huo ndio mwalimu mwenyewe. Ulegeze goti kidogo, wayo wote ukae chini. Kama unayumba, shika ukuta au bega la ndugu yako, si aibu. Jipime hivi: inua goti, kaa ukihesabu mpaka 10 bila kushika kitu. Ukishindwa, teke lako bado halina msingi.

Teke la pembeni la kuzunguka linataka jambo moja zaidi: wayo wa kusimamia lazima ugeuke mpaka kisigino kielekee unakopiga. Wayo ukibaki umeganda huku nyonga inazunguka, goti ndilo linalosokotwa. Jifunze kugeuka kwanza, bila kupiga.

Mwezi wa kwanza, fanya siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kila mguu mateke 10, mara tatu, polepole. Lenga usawa wa goti, halafu usawa wa mkanda. Kichwani, sahau kwanza. Mwenda pole hajikwai. Mguu dhaifu nao usiuonee huruma. Anza na huo.

Usipige mti wala ukuta. Jaza gunia nguo kuukuu, lining'inize mahali imara. Mchanga mtupu hapana, unashuka chini na kuwa kama jiwe. Mwenzako usimpige mpaka mwalimu awepo.

Ukisikia maumivu makali, simama palepale. Kiungo kikivimba, pumzika, weka kitambaa cha maji baridi, inua mguu. Siku mbili tatu za kwanza usikandwe na maji moto, wala usikubali mtu akuvute ati anarudisha mfupa. Kama huwezi kukanyaga, nenda kliniki.

Je, haya yanafika wapi? Yahya Al Ghotany, kijana wa Syria, alijifunza taekwondo katika kambi ya Azraq, Jordan. Mwaka 2024 alishindana kwenye Olimpiki ya Paris, na yeye na bondia Cindy Ngamba ndio waliobeba bendera ya timu ya wakimbizi. Mwaka huo huo, Zakia Khudadadi kutoka Afghanistan alipata shaba ya taekwondo kwenye Paralimpiki, medali ya kwanza kabisa ya timu ya wakimbizi katika michezo hiyo. Kwa hiyo mabinti nao waachieni uwanja.

Wazazi, si lazima mjue mchezo huu. Kaeni hapo mlangoni, muangalie mambo mawili tu: goti limeinuka kabla ya teke? Mguu umerudi kabla ya kushuka? Na mtoto akipiga teke kwa hasira, hata mara moja, mazoezi ya siku hiyo yameisha.