Kituo cha Malezi Kijijini ni Nyenzo ya Kazi kwa Mzazi

Palizi inapopamba moto, mama wa kijijini mwenye mtoto wa miaka mitatu hubaki na njia tatu: ambebe mgongoni hadi shambani, amwache kwa bibi kama yupo na ana nguvu, au amzuie binti mkubwa kwenda shule ili alee mdogo wake. Mama hulima eneo dogo kuliko uwezo wake, na binti hupoteza vipindi ambavyo hakuna wa kumrudishia.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa jijini Dodoma Desemba 2021, inawalenga watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8 kwa nguzo tano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nguzo zote zinamtaja mtoto, na ndivyo inavyopaswa. Hata hivyo, kituo cha kulelea watoto mchana kina mnufaika wa pili, naye ni mzazi anayetafuta riziki.

Mwajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Mkulima mdogo, mchuuzi wa mboga gulioni na kibarua wa kujitegemea hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo. Vilevile, mkopo wa halmashauri usio na riba humpa mwanamke mtaji, lakini haumpi saa za kuufanyia kazi.

Wapo wanaodhani darasa la elimu ya awali limekwisha kuziba pengo hilo. Darasa hilo humpokea mtoto anayekaribia kuanza shule, humrudisha nyumbani mapema na hufungwa wakati wa likizo. Kituo kinachofunga saa tano asubuhi hakimsaidii mzazi ambaye shamba lake liko mwendo wa saa nzima.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1970 vijiji vya Ujamaa vilianzisha vituo vya aina hii ili akina mama washiriki kazi za uzalishaji.

Ugumu mkubwa hauko kwenye jengo, kwani chumba cha kuanzia huweza kupatikana. Uko kwenye posho ya mlezi. Kaya za wakulima hupata fedha baada ya mavuno, ilhali huduma huhitajika zaidi miezi ya kulima na kupalilia, ghala likiwa linaelekea kwisha. Mlezi anayelipwa kwa ahadi huondoka katikati ya msimu. Kijiji kinachokubaliana kuchanga nafaka mara tu baada ya mavuno, sehemu iwe ya uji wa watoto na sehemu iwe ya posho, huwa kimejiwekea akiba ya miezi hiyo migumu.

Mahali pa kufikia makubaliano hayo ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wananchi wanaweza kumwomba mtendaji wa kijiji aliweke suala hilo katika ajenda, likiwa na idadi ya watoto na saa ambazo wazazi huwa kazini. Kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe, ni vyema afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ashirikishwe mapema, kabla fedha haijatumika kwenye chumba kisichofaa, ili aeleze masharti kuhusu maji, choo, usalama wa eneo na sifa za mlezi.