Saratani ya Matiti na Uzani wa Mwili: Maswali Niliyorudi Nayo kutoka Ruiru

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Mombasa kwenda kumtazama khalati yangu anayeishi Ruiru. Ameolewa bara tangu miaka ya tisini, ana duka la nguo Thika, na kila siku hupanda matatu kwenda na kurudi. Mwaka jana alipatikana na saratani ya titi la kushoto. Amepasuliwa, amemaliza kemo, na sasa yuko kwenye vidonge vya kila siku. Alhamdulillahi, anatembea na anacheka.

Lakini nilimkuta anakula matango na maji ya ndimu. Jirani amemwambia kwamba saratani hula mafuta ya mwilini, hivyo akikonda ugonjwa nao utakufa njaa. Huku nyuma, dada yake wa Mombasa humpigia simu kila jioni akimsihi ale, anenepe, watu wasije wakasema "ameisha." Nikamuuliza, "Na daktari amekwambiaje kuhusu uzani?" Akanijibu, "Kila nikienda wananipandisha kwenye mizani, wanaandika, basi."

Ndipo nikakaa kitako kusoma. Mimi si daktari, na haya hayachukui nafasi ya daktari wako.

Mwaka 2014 jarida la Annals of Oncology lilichapisha uchambuzi wa tafiti 82 zilizowafuatilia wanawake 213,075 waliokuwa na saratani ya matiti. Wale waliokuwa wanene kupindukia kabla ya kugunduliwa walikuwa na hatari ya kufariki, kwa sababu yoyote, iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya wenye uzani wa kawaida. Kufa kwa saratani yenyewe, hatari ilizidi kwa asilimia 35. Tuelewane hapa, kwa sababu hesabu hizi huwatia watu kiwewe bure. Hatusemi kwamba wanawake 41 kati ya 100 watakufa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika muda fulani wangefariki 20 kati ya wagonjwa 100 wenye uzani wa kawaida. Basi kati ya wanene 100 wangefariki kama 28. Tofauti ipo, tena si ndogo, lakini wengi katika makundi yote mawili wangali hai. Uchambuzi huohuo uliona kwamba hata waliokonda kupita kiasi walikuwa na hatari iliyozidi kidogo, na hilo jirani wa khalati hakulisema.

Unene kupindukia ni upi? Chukua uzani wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu huohuo. Mwanamke wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.58 anapata 32. Kuanzia 25 uzani umezidi; kuanzia 30 ni unene kupindukia. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa wamefika 25 au zaidi. Karibu nusu yetu, basi, na hili si la kumnyooshea mtu kidole.

Sasa, mafuta yanahusianaje na titi? Hedhi ikishakoma, ovari huacha kutengeneza homoni ya estrojeni, lakini mafuta ya mwili huendelea kuitengeneza. Saratani nyingi za matiti hujilisha kwa estrojeni hiyo, na ndiyo maana khalati anapewa vidonge vya kuizuia, ambavyo mara nyingi humezwa kwa miaka 5 au zaidi. Unene pia huandamana na insulini nyingi katika damu na uvimbe wa ndani usiooneka kwa macho, na vyote viwili huchochea chembechembe za saratani kukua. Kwa wanawake ambao hedhi haijakoma mambo ni ya ajabu kidogo: unene unaonekana kupunguza uwezekano wa kuupata ugonjwa, lakini ukishaupata, mnene bado yuko katika hatari zaidi.

Kuna na sababu zisizotajwa sana. Uvimbe mdogo ni mgumu kuupapasa kwenye titi kubwa. Mkono kufura baada ya upasuaji huwapata zaidi wanene. Na dozi ya kemo hupimwa kwa ukubwa wa mwili. Kwa miaka mingi baadhi ya madaktari waliwapunguzia wanene dozi kwa kuhofia madhara. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgonjwa mnene apewe dozi kamili kulingana na uzani wake halisi. Hilo ni swali la haki kumuuliza daktari wako, na haliitaji ujasiri mwingi.

Je, khalati akipungua atapona zaidi? Hapa ushahidi haujakamilika. Utafiti mmoja wa Marekani uliowahusisha wanawake 2,437 uliwapunguzia baadhi yao mafuta katika chakula. Baada ya miaka kama 5, saratani ilikuwa imewarudia asilimia 9.8 ya hao, na asilimia 12.4 ya waliobaki na chakula chao. Ni matumaini, lakini walikula chakula kamili, hawakushinda na matango. Anayekonda kwa njaa hupoteza misuli, na akiwa bado kwenye kemo anaweza kudhoofika hadi matibabu yakaahirishwa. Na akikonda bila kutaka, asipongezwe, aende hospitali.

Nami naona lawama zisielekezwe kwenye sahani ya mgonjwa peke yake. Nchini Kenya saratani nyingi hugunduliwa zikiwa zimeshakomaa, na hakuna kilo za kupunguza zinazoweza kufidia kuchelewa huko. Mkaazi wa Ruiru na Thika angalau ana hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta karibu. Kwetu Lamu au Kwale mtu husafiri hadi Mombasa.

Basi nikamshauri khalati aulize mambo matatu: uzani wake wa sasa una maana gani, apungue kiasi gani na kwa muda gani, na kama hospitali ina mtaalamu wa lishe. Aliandika nyuma ya kadi ya kliniki. Ramadhani ikija, la kufunga pia atamuuliza daktari kwanza, maana mgonjwa ana ruhusa yake.

Matango ameacha. Anakula sima ya kiasi, samaki, maharagwe na mboga. Mahamri yamebaki ya Ijumaa. Jioni hushuka matatu kituo kimoja kabla ya kwake na kumalizia kwa miguu. Dada yake alipopiga simu juzi kuuliza kama amenenepa, alimjibu, "Nimepungua kilo mbili, na daktari anajua."